Asali, moshi wa jikoni na namba zinazolipuka: nilivyoanza CFD

Najua nimeadimika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na safari hii mshindo wenyewe una hesabu ndani yake. Wale wa Kiswahili na Historia msikimbie tafadhali, nitakwenda mdogo mdogo na mtafika salama.

Tangu muhula huu uanze, kila anayepita kwenye kimbweta chetu na kuchungulia laptopu yangu ananiuliza swali lile lile: "We si wa ualimu? Hayo mapicha ya rangi ni ya nini?" Mwingine akaniambia kabisa kwamba hayo ni mambo ya mainjinia, mimi nikaandae andalio la somo. Nimejibu mara nyingi hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayeniuliza tena namwelekeza huku.

Kwanza, CFD ni nini. Ni kutumia kompyuta kukokotoa jinsi kitu kinachotiririka kinavyotembea: maji, hewa, mafuta, damu, moshi. Kamusi ya fizikia ina neno zuri la hivyo vyote kwa pamoja, giligili, ingawa darasani ukilitamka watu wanacheka. Milinganyo yenyewe ni ya zamani. Mfaransa Claude-Louis Navier aliandika ya kwake mwaka 1822, na George Gabriel Stokes akaiweka sawa mwaka 1845. Ukiivua makoti yake, utakuta ni mambo mawili tu ambayo kila aliyesoma PCM anayajua. La kwanza, kinachoingia lazima kitoke au kibaki, hakipotei hewani. La pili ni Newton: kani ni tungamo mara mchapuko. Basi.

Shida ni kwamba milinganyo hiyo ina ukorofi wake. Mwaka 2000 taasisi ya Clay ya Marekani iliweka dola milioni moja kwa atakayethibitisha kama, katika nafasi ya pande tatu, majibu yake huwepo siku zote na kubaki bila kukatika ghafla. Mpaka leo hela hiyo haijachukuliwa. Sasa kama wakubwa hawajathibitisha, mainjinia wanafanyaje? Wanaikata nafasi vipande vidogo vidogo, maelfu au mamilioni ya vijisanduku, na kila kijisanduku wanakiuliza: jirani zako wanakwendaje? Kisha kompyuta inapiga kujumlisha na kugawanya mpaka usiku wa manane. Hiyo ndiyo CFD. Hakuna uchawi.

Mimi niliingiaje humo? Kwa sababu ya moshi.

Mwaka jana nilikwenda TP kwenye shule moja ya bweni, sitaitaja. Nilipangiwa fizikia kidato cha tano. Jiko la shule lilikuwa banda la matofali lenye bati juu, mlango mmoja na vidirisha viwili usawa wa kifua. Ndani masufuria makubwa ya makande juu ya kuni. Wapishi watatu, wote akina mama. Asubuhi nikipita kuwasalimia, "Shikamoo mama," sauti inajibu "Marahaba mwanangu" kutoka ndani ya wingu, mtu mwenyewe humwoni. Siku moja mkubwa wao alitoka nje kupumua, macho mekundu, akaniambia, "Sisi huku tunalia kila siku na hakuna aliyekufa."

Neno hilo lilinikaa. Wiki iliyofuata mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa amejua kwamba nasoma fizikia na hisabati na kwamba natembea na laptopu. Akasema, "Mwalimu, wewe si mtu wa kompyuta? Tuna hela ya kutoboa sehemu moja tu pale jikoni. Tutoboe wapi? Halafu ukitutolea ile michoro ya rangi rangi, wazazi wataelewa haraka na kuchangia."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mtu anakuomba jibu, jibu lako litageuka kuwa tundu la kweli kwenye ukuta wa kweli, na hela ni ya tundu moja. Na anataka picha, kwa sababu picha ya rangi inaaminika kuliko mtu. Nilimwomba anipe muda. Nikarudi chuo nikaanza kujifunza, na somo la kwanza nililolipata ndilo ninalotaka kuwaachia leo: usianze na swali usilojua jibu lake. Anza na swali ambalo jibu lake unalijua tayari, ili kompyuta ikidanganya uikamate.

Kuna mzee mmoja wa historia namhusudu sana katika hili, Mwingereza Lewis Fry Richardson. Huyu alitaka kutabiri hali ya hewa kwa hesabu tupu kabla kompyuta hazijakuwepo. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa Ufaransa akiendesha gari la wagonjwa, maana imani yake ya Kikweka haikumruhusu kupigana, na kwenye mapumziko alikuwa anakokotoa kwa mkono. Alichukua siku iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, akahesabu mgandamizo wa hewa ungebadilika kiasi gani kwa saa 6 mahali fulani Ulaya ya kati. Jibu lilikuja milibari 145. Jamani! Mgandamizo wa kawaida usawa wa bahari ni kama milibari 1,013, na siku ile kwa kweli haukusogea kitu.

Sasa angalia alichofanya. Hakuficha. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kizima, kosa likiwa ndani yake, hatua kwa hatua, ili wengine waone. Wataalamu waliokuja baadaye walirudia hesabu zake wakakuta njia ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa takwimu za kuanzia, ambazo hazikusawazishwa. Aliweza kujua kwamba jibu ni bovu kwa sababu alichagua siku ambayo jibu lake linajulikana. Angetabiri kesho, watu wangekimbia na mablanketi.

Na wale mnaosema CFD si ya walimu, sikilizeni: kuanzia 1920 hadi 1929 Richardson alikuwa anafundisha fizikia Westminster Training College, London. Chuo cha ualimu, wadau. Kitabu kile kilitoka akiwa anafundisha walimu watarajiwa kama sisi. Tuendelee.

Kwa hiyo sikuanza na programu yoyote. Nilianza na penseli na karatasi ya graph, na wewe unaweza kuanza leo jioni ukisubiri foleni ya chakula. Chukua vioo viwili vilivyolala, kimoja juu ya kingine, katikati umejaza asali. Kioo cha chini kimetulia. Cha juu kinavutwa kwa kasi ya sentimita 1 kwa sekunde. Asali inayogusa kioo cha chini haiendi, inayogusa cha juu inakwenda nacho. Je, iliyoko katikati?

Kichwani unajua jibu: kasi inaongezeka sawasawa kutoka chini kwenda juu. Robo ya urefu, kasi 0.25. Nusu, 0.5. Robo tatu, 0.75. Hilo ndilo jibu letu la kukamatia mwongo.

Sasa tujifanye hatujui. Weka nukta tano: chini 0, juu 1, na tatu za katikati zote ziwe 0, maana asali bado imelala. Kanuni ni moja: kasi mpya ya kila nukta ni wastani wa jirani zake wawili, wa juu na wa chini. Kwa nini wastani? Kwa sababu ya mnato. Jirani mwenye kasi anakuvuta, mzembe anakushika shati, na unaishia katikati yao. Nukta za katikati, kuanzia ya chini, zinakwenda hivi:

Mzunguko wa 1: 0, 0, 0.5
Mzunguko wa 2: 0, 0.25, 0.5
Mzunguko wa 3: 0.125, 0.25, 0.625
Mzunguko wa 4: 0.125, 0.375, 0.625
Mzunguko wa 5: 0.1875, 0.375, 0.6875

Unaona zinavyopanda? Endelea na zitasogelea 0.25, 0.5, 0.75 bila hata kuambiwa. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuwa peke yangu chumbani, wenzangu wameenda kuangalia mpira, na nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Hakuna namba hata moja kati ya zile iliyojua mwisho ni nini. Kila moja ilikuwa inaangalia jirani zake tu, na kwa pamoja wakafika.

Usitupe hiyo karatasi, maana sehemu ya pili ndiyo tamu. Ule wastani una siri. Kwenye hesabu kamili kuna namba moja inayounganisha mnato, hatua ya muda na umbali kati ya nukta: mnato mara hatua ya muda, gawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Tuiite r. Wastani wa jirani wawili unapatikana r ikiwa nusu kamili. Je, mtu mwenye haraka akirefusha hatua ya muda mara mbili ili amalize mapema, r ikawa 1? Kanuni inageuka: jumlisha jirani wawili, kisha toa kasi yako mwenyewe ya zamani. Asali ile ile, vioo vile vile:

Hatua ya 1: 0, 0, 1
Hatua ya 2: 0, 1, 0
Hatua ya 3: 1, -1, 2
Hatua ya 4: -2, 4, -2
Hatua ya 5: 6, -8, 7

Eti kioo kinavutwa kwenda mbele sentimita 1 kwa sekunde, na asali ya katikati inarudi nyuma kwa sentimita 8! Hatua ya 6 na ya 7 usiulize, ni balaa. Hakuna mahali nilipokosea kujumlisha, na fizikia ni ile ile. Kilichobadilika ni hatua ya muda peke yake. Kwa hesabu za aina hii r isizidi nusu, ikizidi namba zinalipuka.

Kuna ndugu yake kwenye vitu vinavyosafirishwa na mtiririko wenyewe. Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy waliionyesha mwaka 1928. Kwa lugha ya kimbweta: ndani ya hatua moja ya muda, mtiririko usiruke zaidi ya kijisanduku kimoja. Ukiruka viwili, kompyuta inakuwa kama mtu anayesimulia mechi huku anasinzia, magoli yanampita. Hesabu yake ni kasi mara hatua ya muda, gawanya kwa upana wa kijisanduku. Wanaiita namba ya Courant.

Mlipuko si adui, huo nawaambia kabisa. Mlipuko ni rafiki mwenye mdomo mchafu, anakutukana hadharani na unajua kuna tatizo. Wa kuogopwa ni yule mpole: jibu lisilolipuka, lenye rangi nzuri, bluu chini nyekundu juu, na ni uongo mtupu.

Baada ya karatasi, Excel. Nukta tano zikawa hamsini, unaburuta tu na kipanya. Baada ya Excel, Python. Hapa nimshukuru mtu nisiyemjua: Lorena Barba, mhadhiri ambaye wakati akifundisha Boston University, Marekani, aliandaa mazoezi ya hatua 12 ya kufika kwenye milinganyo ya Navier na Stokes, na yako bure. Hatua ya kwanza ni wimbi moja kwenye mstari mmoja. Ya tatu ni mnato kama asali yetu. Kuanzia ya tano unaingia pande mbili, na ya 11 ni sanduku ambalo kifuniko chake kinatelezeshwa. Ambaye laptopu yake imegoma, anaweza kuendesha Python kwenye Google Colab, hata kwa simu, ukiwa na bando. Mimi hatua ya nne ilinichukua wiki mbili, na bumu lilikuwa halijaingia, kwa hiyo nilikuwa nasubiri intaneti ya maktaba. Ukikwama siku kumi usijione mjinga, ndiyo kasi yake.

Ndipo nikagusa programu kubwa, OpenFOAM. Imekuwa huru tangu 2004, na asili yake ni Imperial College, London. Haina vitufe vya kubonyeza. Unaandika mafaili ya maneno na kuyaendesha kwenye terminali, halafu picha unaangalia kwenye ParaView, nayo bure. Zoezi lake la kwanza ni lile lile sanduku la kifuniko kinachoteleza: mraba wa mita 0.1 kila upande, kifuniko kinakwenda mita 1 kwa sekunde, umegawanywa vijisanduku 20 kwa 20, yaani 400, na hatua ya muda ni sekunde 0.005. Upana wa kijisanduku ni mita 0.005. Piga mwenyewe namba ya Courant: 1 kamili. Waliotunga zoezi hawakubahatisha.

Sasa ukitaka wavu laini zaidi, 40 kwa 40, vijisanduku vinakuwa 1,600, mara nne. Lakini upana umepungua nusu, kwa hiyo na hatua ya muda lazima uipunguze nusu. Kazi inakuwa mara nane. Ndiyo maana watu wa fani hii wanalia kila siku kuhusu nguvu za kompyuta. Hawaringi, ni hesabu.

Jibu la kukamatia mwongo hapa lipo. Mwaka 1982 Ghia, Ghia na Shin walichapisha majedwali ya kasi ndani ya sanduku hilo, na dunia nzima inajipima kwayo mpaka leo. Nilipunguza mnato ili namba ya Reynolds iwe 100, nikaongeza muda mpaka kasi zikaacha kubadilika, nikachukua namba kwenye mstari wa katikati. Jedwali linasema chini kidogo ya nusu ya urefu maji yanarudi nyuma kwa karibu 0.21 ya kasi ya kifuniko. Kila nilipolainisha wavu, namba yangu ilisogea kule. Siku hiyo niliamini programu yangu kwa mara ya kwanza, na niliiamini kwa sanduku hilo tu. Kwa jiko la mtu bado.

Namba ya Reynolds mnaikumbuka? Osborne Reynolds, Manchester, 1883, rangi ndani ya bomba la kioo. Kasi mara ukubwa, gawanya kwa mnato. Kwenye bomba, ikiwa chini ya kama 2,300 maji yanakwenda kwa nidhamu. Juu zaidi yanaanza vurugu. Haya, jiko letu: moshi unapanda tuseme mita 1 kwa sekunde, chumba mita 3, mnato wa hewa kama 0.000015 kwa vipimo vya mita na sekunde. Gawanya. Unapata 200,000! Hiyo ni vurugu tupu, vizunguko juu ya vizunguko. Kuna kanuni ya makadirio kwamba ukitaka kushika kila kizunguko, idadi ya vijisanduku inakwenda kama Reynolds kipeo cha 9 kwa 4. Kwa 200,000 inakuja kama bilioni 800. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na ukifungua Word na Excel pamoja inapiga feni kama mashine ya kusaga.

Kwa hiyo watu hawashiki kila kizunguko, wanatumia vielelezo vya vurugu, yaani wanakisia athari ya vizunguko vidogo kwa milinganyo ya ziada. Vinafanya kazi, lakini kila kimoja kina mahali kinapofaa na mahali kinapodanganya kwa upole. Ningeweza kabisa kukopi mafaili ya mfano, nikachora banda, nikabonyeza, na baada ya saa mbili ningekuwa na picha nyekundu na njano ya kupendeza. Mkuu angefurahi. Wazazi wangechanga. Na mimi nisingejua kama tundu linapaswa kuwa pale au ukuta wa pili.

Sikuitengeneza. Nilimpigia simu mkuu, "Shikamoo mkuu," nikamweleza kwamba picha ninayoweza kuitetea sina bado, ila nina ukurasa mmoja wa hesabu za kidato cha sita. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya mwalimu, lete hizo ulizonazo."

Ukurasa wenyewe ulikuwa hivi. Tuseme hewa ya nje nyuzi 30, ya ndani chini ya bati nyuzi 60. Ya nje ina uzito wa kilo kama 1.165 kwa kila mita ya ujazo, ya ndani kama 1.06. Tofauti ni kama 0.105. Kati ya mlango chini na tundu juu weka mita 3. Tofauti mara 9.8 mara 3 ni kama paskali 3. Hiyo ndiyo nguvu inayousukuma moshi nje, na kwa Bernoulli inatoa kasi isiyozidi mita 2.4 kwa sekunde, kabla hujatoa msuguano na kona. Vidirisha vya kifuani vinaupa moshi urefu mdogo tu wa kusukumwa. Kwa hiyo: toboa juu kabisa, kwenye kilele cha paa, funika kwa kibati mvua isiingie, na mlango ubaki wazi hewa safi iingie chini. Nikachora kwa penseli, mishale miwili.

Kikao cha wazazi kilipitisha, na likizo iliyopita fundi alitoboa. Nilimpigia simu yule mama mkubwa wa jiko. Anasema siku hizi anamwona mwenzake upande wa pili wa sufuria. Lakini akaongeza, "Mwanangu, upepo ukitoka upande wa bonde, moshi unarudi wote ndani."

Nimeandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mradi wa mwaka wa mwisho. Ukurasa wangu wa penseli hauna upepo ndani yake. Upepo juu ya paa lenye kilele, kipi kifuniko cha kuuzuia, hapo hesabu ya mkono inaishia na CFD inaanza. Safari hii nina kitu cha kuipimia: kwanza naendesha jiko bila upepo, na isiponipa kasi iliyo chini ya ile 2.4 kwa kiasi kinachoeleweka, siendi mbele. Halafu ndipo nalegeza upepo. Msimamizi wangu amekubali, ila ameniambia nipige msuli hasa, maana muda wenyewe ni muhula mmoja na nusu.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Hesabu za calculus za mwaka wa kwanza zinatosha kuingilia. Wiki ya kwanza usipakue chochote. Fanya asali kwa penseli mpaka ifike, kisha ilipue makusudi mpaka ucheke. Ukiweza kumweleza mdogo wako wa form four kwa nini imelipuka, wewe tayari umeanza. Kitabu cha Versteeg na Malalasekera ni kizuri baada ya hapo, si kabla. Na kila utakapopata picha nzuri, jiulize: ningejuaje kama huu ni uongo? Kama huna jibu, usimwonyeshe mtu mwenye nyundo.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa vimbweta vya chini ya mwembe na karatasi za kutosha. Mje na penseli, na mwenye mandazi asije mikono mitupu. Mwenye hoja ya upepo juu ya paa aitoe, nahitaji sana. Tupo pamoja!